Kokoto zimeadimika: nini kiwekwe nyuma ya ukuta wa kuzuia udongo?

Swali: Najenga ukuta wa zege wa kuzuia udongo, kimo chake mita 3. Kokoto safi ni chache, ila nina lundo la vifusi vya zege na matofali ya kuchoma. Je, vinafaa kuchujia maji nyuma ya ukuta? Au niweke kitambaa cha kuchujia peke yake?

Jibu: Ndugu, matofali yaache kabisa. Chukua vipande vyake, vitie kwenye chupa ya maji utikise kwa nguvu: tope litakalotuama chini ndilo litakaloziba chujio lako. Yakishindiliwa, huzidi kusagika.

Vifusi vya zege ni vigumu, lakini vina tatizo la chokaa. Maji yakipita ndani yake huiyeyusha na kuiacha kama ukoko kwenye kitambaa na matundu ya bomba la kutolea maji chini ya ukuta. Hata ukivichekecha na kuviosha vumbi, chokaa haiishi. Vitumie mbali na njia ya maji.

Nasisitiza kwa sababu maji yakijaa hadi juu ya ukuta wako, yenyewe tu yanausukuma kwa kilonyutoni (kipimo cha nguvu) 44 hivi kwa kila mita ya urefu. Udongo wa kichanga uliokauka husukuma kama 27.

Kitambaa peke yake hakitoshi. Kinazuia udongo, lakini hakina nafasi ya kuyashusha maji mpaka kwenye bomba. Mimi ningechagua karatasi ya plastiki yenye vinundu, iliyofunikwa kitambaa upande wa udongo. Kabla ya kununua, uliza inapitisha maji kiasi gani ikiwa imebanwa na udongo, kwani vinundu dhaifu hulala. Matofali ya zege lisilo na mchanga nayo hufaa, yakiwekewa kitambaa kwa nyuma.

Mchanga wa chembe kubwa uliooshwa pia unawezekana, ila upimwe. Tafuta ukubwa wa chembe ambao asilimia 15 ya mchanga ni ndogo kuliko huo. Usizidi mara 4 au 5 ya ukubwa ambao asilimia 85 ya udongo wako ni ndogo kuliko huo. Ukizidi, udongo utapenya.

Kokoto chache ulizonazo zizungushie bomba la chini, uzifunge kwa kitambaa. Bomba literemke hadi nje, na upande wa juu uache mdomo wa kulisafishia.