Sanduku la Kumbukumbu la Mji: Je, Shimo la Saruji Linatosha?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka 2035 Lubumbashi itatimiza miaka 125 tangu ilipoasisiwa mwaka 1910. Sisi majirani wa Kenya, komini (wilaya) mojawapo ya mji huu, tungependa kufukia sanduku lenye barua, picha na vitu vya siku hizi, ili wajukuu walifukue mwaka 2060. Je, shimo la saruji linatosha? – Mama wa watoto wanne, Lubumbashi

JIBU: Mama, halitoshi, kwa maana saruji hupitisha maji polepole, nawe unajua mvua zetu za Novemba hadi Machi zinavyoloweka udongo. Mjini Tulsa, Marekani, mwezi wa Juni 1957, jimbo la Oklahoma lilipoadhimisha miaka 50, gari jipya la Plymouth lilifukiwa ndani ya chumba cha saruji. Lilipofukuliwa mwaka 2007 chumba kilikuwa kimejaa maji na gari limeliwa na kutu. Lakini kando yake palikuwa na pipa la chuma lililochomelewa pande zote, na bendera na karatasi zilizokuwamo zilitoka zikiwa kavu. Shimo lilikuwa lilelile. Kilichotofautiana ni chombo.

Basi mtafuteni fundi awatengenezee sanduku la chuma kisichoshika kutu, au la shaba, ambayo watu wa Katanga hatuhitaji kufundishwa sifa zake. Lifungeni mwezi wa Julai, hewa ikiwa kavu, kwa sababu unyevu mnaoufungia ndani hauna pa kutokea. Tieni pia vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyopatikana katika maboksi ya viatu vipya. Simu msitie, maana betri huvuja na kuharibu vingine. Barua ziandikwe kwa penseli, kwa Kiswahili chenu cha kila siku, zikitaja hata bei ya ndoo ya unga wa bukari (ugali). Mimi binafsi ningeanza kusoma hiyo kabla ya hotuba yoyote.

Jambo linalosahaulika mno ni mahali penyewe. Waliofukia sanduku la New York mwaka 1938, litakalofunguliwa mwaka 6939, walisambaza kitabu cha maelezo katika maktaba nyingi duniani. Nanyi andikeni ukurasa mmoja wenye ramani na tarehe ya kufungua, mpeleke nakala komini, parokiani na kwenye makumbusho ya mji, na nyingine ikae kwako, Mama, pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto.