Mshahara wa Ujerumani: uliza sekta kabla ya nchi

Mdogo wangu wa Mombasa ameniuliza kwenye kundi la familia: "Dada, huko Ujerumani mshahara hupangwa na nani? Mbona wenzenu wa viwanda vya magari wanajenga kwao, na wewe unayelea wazee kila mwezi unalalamikia kodi ya nyumba?" Swali ni la haki. Nalijibu kwa urefu ili na wengine wanaotafuta viza wasome.

Serikali huweka kiwango cha chini kabisa tu. Kima hicho cha nchi nzima kilianza Januari 2015 kwa euro 8.50 kwa saa, na tangu Januari 2026 ni 13.90. Juu ya hapo, sekta nyingi zina mapatano yao kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi. Wanaosafisha majengo hawalipwi chini ya euro 15. Sisi wa nyumba za wazee tuna kima chetu, tena cha ngazi tatu kulingana na cheti: tangu Julai 2025 msaidizi asiye na mafunzo hapati chini ya 16.10, aliyesomea mwaka mmoja 17.35, na nesi kamili 20.50.

Kwenye cheti ndipo wengi wetu tunapoumia. Saa kumi na mbili asubuhi tunaingia wawili chumba kimoja. Tunamgeuza mzee, tunamwosha, tunambadilisha nepi, tunamwinua hadi kwenye kiti chake. Mwenzangu alikuwa nesi huko nyumbani, lakini cheti chake bado hakijatambuliwa hapa, kwa hiyo analipwa kama msaidizi asiye na mafunzo, na mimi kama nesi kamili. Tofauti yetu ni euro 4.40 kwa saa. Kwa saa 160 za mwezi hiyo ni euro 704 kabla ya makato, na uzito tunaobeba ni uleule.

Wa magari ana nini? Ana chama cha wafanyakazi, IG Metall, nyuma yake. Wiki yao ya kazi, upande wa Magharibi, ni saa 35 tangu 1995, na walipata hivyo kwa kugoma. Mitambo ikisimama siku moja, mwajiri anahesabu hasara jioni hiyohiyo. Sisi tukigoma, nani atamlisha mzee? Waajiri wanalijua hilo. Halafu pesa zetu zinatoka kwenye mfuko mwembamba: bima ya uangalizi, yaani ile ya kutunzwa uzeeni au ukiwa mgonjwa, hulipa kiasi maalumu kwa mwezi, kinachozidi hulipwa na mzee mwenyewe au wanawe. Tukiongezwa mshahara, bili ya familia inapanda, na lawama zinatuangukia sisi. Kwa maoni yangu huo ni uonevu, kwa sababu kazi hii hakuna mashine ya kuifanya.

Makato nayo msiyasahau. Pensheni pekee huchukua asilimia 9.3, halafu bima ya afya, ya uangalizi, ya kukosa kazi, na kodi. Nesi asiye na mume wala mtoto huondoka na takriban theluthi mbili ya mshahara wake. Ndiyo maana wengi tunaomba zamu za usiku, maana nyongeza ya usiku, hadi asilimia 25, haitozwi kodi.

Na ile habari ya nafasi 250,000 za kazi kwa Wakenya iliyosambaa Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba kule Berlin, serikali ya Ujerumani yenyewe iliikanusha. Bado kuna mawakala wanaoitumia.

Kwa hiyo wakala akikutajia "euro elfu tatu", mwambie akuandikie: ni kabla au baada ya makato, saa ngapi kwa wiki, utaingia kama nani wakati cheti chako kinashughulikiwa, na kama mwajiri amefungwa na mapatano ya sekta. Nitumieni mkataba kabla ya kutia saini. Nitausoma wote, hata kama nimetoka zamu.