Kisu cha Kukunja: Kugonga Mezani Si Kupima

SWALI: Mhariri, natengeneza nyavu katika mwalo wa Ggaba. Mwezi uliopita nilikuwa nakata kamba, kisu changu cha kukunja kikajifunga ghafla na kunichana kidole cha shahada. Nilipokwenda kununua kingine, muuzaji alikifungua, akagonga mgongo wake mezani mara tatu, akasema ni imara. Je, kipimo hicho kinatosha? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Kabla ya yote, ikiwa kidole hakikunjiki sawasawa au kimekufa ganzi, nenda kituo cha afya, kwani huenda kano au mshipa wa fahamu umeguswa, na uulizie pia sindano ya pepopunda.

Kipimo cha muuzaji hakitoshi. Pigo la ghafla huweza kuirusha hata loki nzuri, yaani kile kizuizi kinacholishika bapa lisijifunge, huku likiumiza nyuso za chuma zinazokutana, na loki iliyovumilia mapigo hayo bado inaweza kuachia mkono unapokipinda kisu kazini.

Anza kwa kutazama. Baadhi ya visu havina loki kabisa, bali springi tu inayolizuia bapa kidogo. Hivyo usivitumie kuchoma wala kushindilia. Vingine vina ulimi wa chuma ndani ya mpini, unaoruka na kusimama nyuma ya shina la bapa. Fungua kisu taratibu uangalie ulimi umefika wapi: ukigusa pembeni tu, umeshika kidogo mno, ukiwa umevuka mpaka upande wa pili, umelika. Kisu cha Opinel cha Ufaransa hutumia loki ya pete inayozungushwa, iliyobuniwa mwaka 1955, nayo naipenda kwa sababu jicho huona kama imefungwa au la, ingawa mpini wake wa mti huvimba ukilowa, jambo ambalo mtu wa ziwani hana budi kulizingatia.

Kisha pima kwa nguvu inayoongezeka polepole. Funika makali kwa tabaka kadhaa za plasta nene, ubane mpini kwenye jiliwa bila kuuponda, halafu usukume mgongo wa bapa kwa kijiti kuelekea upande wa kufunga. Usipokuwa na jiliwa, shika mpini kwa ubavuni tu, kidole kisiwepo hata kimoja mbele ya mfereji ambamo bapa hulala, na uegemeze mgongo wa kisu kwenye ukingo wa benchi. Loki ikiteleza, au ukisikia mlio wa kuachia, kisu hicho usikinunue. Lijaribu bapa pia juu na chini, kisha kushoto na kulia. Kucheza kidogo kwa ubavuni mara nyingi ni kulegea kwa pini ambayo bapa huzungukia, na huweza kukazwa. Kucheza kwa juu na chini huku kisu kikiwa wazi na loki ikiwa mahali pake kunanitia wasiwasi zaidi, kwa maana loki yenyewe haijashika sawasawa.

Mwisho, chomeka ncha katika shina la mgomba lililokwisha kukatwa, upinde mkono kidogo kushoto na kulia, vidole vikiwa bado ubavuni mwa mpini. Hapo ndipo loki ya ulimi hujulikana, kwa sababu msokoto huweza kuusukuma ulimi utoke mahali pake.

Rudia vipimo hivi baada ya kazi, kisu kikiwa kichafu. Mimi niliwahi kulaumu kisu changu hadi nilipochokoa pengo la loki kwa njiti ya kiberiti, likatoka gamba la samaki dogo kama ukucha wa mtoto. Ulimi ulikuwa ukisimama juu ya gamba hilo badala ya chuma. Kwako wewe, mchanga na nyuzi za nyavu vitafanya vivyo hivyo. Kioshe kwa maji safi, ukikaushe, utie tone moja la mafuta kwenye pini, na ufute yanayomwagikia uso wa loki.

Kwa kukata kamba nene kila siku, hata hivyo, ningekushauri ununue kisu kisichokunjwa, chenye ala.