Mtoto njiti: kipimo kimoja cha thairoidi hakitoshi

Dada, usifute miadi ya kurudia kipimo! Umeuliza kuhusu uzito na maziwa ya kopo, halafu ukapitisha kwa haraka kwamba mwanao kazaliwa wiki ya 30, TSH (homoni ya ubongo inayoiamrisha thairoidi, tezi ya shingoni) ya siku ya tatu imetoka safi, na kurudia baada ya wiki mbili unaona ni hela ya bure kwa kuwa mtoto mpole, halii.

Binti yangu naye ni njiti. Kipimo cha kwanza safi, mhudumu wa wodini akanambia, "Mama, ya thairoidi yamekwisha, nenda kalee." Hasira naye ninayo hadi leo, maana kitu hiki kinajulikana. Mtoto aliyetimiza miezi, tezi yake ikizembea, TSH hupanda mapema na kipimo kinanasa. Njiti ubongo wake bado mchanga, haujui kuiamrisha tezi sawasawa. TSH inaweza kutulia wiki kadhaa huku homoni yenyewe haitoshi, kisha ikapanda mkiwa mmesharudi nyumbani. Ndiyo maana wanapima tena kati ya wiki ya pili na ya nne, TSH pamoja na T4 huru, yaani homoni yenyewe ya tezi kwenye damu.

Wetu manjano haikuisha, choo kikawa cha shida, ananyonya kidogo analala, ngozi ya baridi, kilio cha sauti nzito. Ndugu wakasifu: mtoto mpole huyo! Upole gani? Homoni hii ndiyo inayojenga ubongo wa mtoto mchanga, na kilichopotea miezi hiyo dawa ya baadaye haikirudishi chote. Alichelewa kuanza dawa, na mpaka sasa tunahudhuria mazoezi ya viungo na ya kuongea.

Uliza pia kama walimsafisha ngozi kwa dawa ya ayodini, kwani ikizidi huweza kuizuia tezi ya njiti isifanye kazi. Kwa njiti wengi upungufu huu wa homoni hupita wenyewe, lakini bila kupima utajuaje wako yuko kundi gani?

Akiandikiwa levothairoksini, dawa ya kujazia homoni hiyo, saga kidonge, changanya na maziwa yako kidogo kwenye kijiko, usitie kwenye chupa nzima. Kisikutane na matone ya madini ya chuma. Achanisha kwa saa kadhaa.

Kama shida ni hela, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini ukaombe msamaha wa malipo. Nenda kesho asubuhi, na kadi ya kliniki mkononi, waandike tarehe ya kurudia.