Jibu: Chai inayomwagika kwenye Blender (programu ya kutengeneza picha na video za 3D) inaonekana kama uji

Ndugu, chai yako kutambaa mezani kama uji mara nyingi ni shida ya vipimo, si ya uzito wa kimiminika. Kagua ukubwa kwanza: kikombe cha mita 2 kitamwaga polepole, maana chai ina safari ndefu ya kuanguka. Kipunguze hadi sentimita 8 hivi. Kisha pandisha rezolusheni ya kimiminika (eneo lake limegawanywa vijumba vingapi kila upande) kutoka 32, ila taratibu. Ukienda 64, vijumba vya kukokotoa vinakuwa mara 8 na diski hujaa haraka.

Mimi ningehangaika zaidi na meza yenyewe. Mbao iliyolowa huiva rangi na kung'aa, na alama hubaki chai ikishapita. Dynamic Paint, zana ya Blender inayobadilisha rangi ya uso ulioguswa na kitu kingine, inaifanya kazi hiyo vizuri tu. Kompyuta ikizimika katikati, mwone fundi akague joto.