Kabla ya Kuing'oa Chipu ya Katriji

Katriji ya mashine za zamani za michezo ya video kama NES, SNES au Mega Drive ikikataa kuwaka, wengi hukimbilia kuilaumu ROM, yaani chipu iliyobeba mchezo. Mara nyingi huwa wanaionea. Data ya mchezo iliingizwa kwenye silikoni kiwandani na haifutiki kwa umri. Kinachochoka ni vilivyoizunguka: pini chafu, lehemu iliyopasuka, njia ya shaba iliyoliwa na unyevu.

Fungua kwa bisibisi ya gamebit (ya skrubu maalumu za katriji) ya milimita 3.8. Safisha pini kwa pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kisha ngoja ikauke kabisa. Msasa na dawa za kung'arishia chuma usiguse, kwa sababu ule utando wa dhahabu ni mwembamba na ukiisha haurudi.

Bado haiwaki? Chukua lenzi utazame miguu ya chipu upande wa lehemu. Ukiona kiduara chembamba cheusi kuzunguka mguu, hapo lehemu imeachia. Paka flaksi (dawa inayosaidia lehemu kushika), gusa kwa ncha ya chuma cha kulehemu yenye nyuzi 330 hadi 350 kwa sekunde 2 au 3, ongeza lehemu mpya kidogo. Kisha weka multimita kwenye mlio na upime kila pini ya ukingoni hadi mguu wake wa chipu. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayotoa majibu. Njia iliyokatika ikwangue hadi shaba ing'ae, halafu ruka pengo kwa waya mwembamba wa AWG 30.

Dalili nazo husema. Kwenye NES, picha ikichafuka huku mchezo ukiendelea sawasawa, shuku chipu ya CHR, inayobeba picha, au njia zake. Skrini ikiwakawaka karibu kila sekunde, mara nyingi chipu ya ulinzi ya CIC haiwasiliani na mashine. Mchezo ukikubali kuchezwa lakini haukumbuki ulipoishia, ipime betri kwanza: ikiwa nzima husoma takriban volti 3. Nunua yenye vipande vya bati vilivyokwisha kuunganishwa. Kulehemu moja kwa moja juu ya betri ni kuitafutia mlipuko. Ukiitoa, data iliyohifadhiwa hupotea, hivyo inakili kwanza ukiwa na kisomaji cha katriji.

Chipu ikipata joto kali mara tu umeme unapoingia, au kisomaji kikitoa data isiyolingana na nakala sahihi ilhali njia zote ni nzima, hapo imekufa kweli. Hairekebishiki, hubadilishwa. Na hapa bodi ni ya thamani kuliko chipu: kata miguu yote kwa koleo dogo, toa mwili, kisha chomoa kila mguu peke yake kwa kibano huku ukiupasha moto. Anayeng'ang'ania kuitoa chipu nzima huondoka na pete za shaba za matundu, na kazi ya nusu saa inageuka ya siku nzima. Matundu yasafishe kwa utambi wa shaba unaonyonya lehemu.

Kwa mchezo wa SNES wa megabaiti 1, EPROM (chipu unayoweza kuiandikia mwenyewe) ya 27C801 inatosha. Tatizo ni kwamba mpangilio wa miguu yake haufanani wote na wa ROM ya kiwandani. Linganisha michoro miwili mguu kwa mguu, kisha inayotofautiana ikunje juu uiunganishe kwa waya. Ukipuuza utapata skrini nyeusi na kudhani chipu mpya ni mbovu. Dirisha la kioo la EPROM lifunike kwa karatasi isiyopitisha mwanga, maana mionzi ya urujuanimno hufuta data. Chipu za flashi za volti 3.3 usizitie kwenye bodi ya volti 5 bila kibadilishi cha volti, hata kama umeona wengine wakifanya hivyo. Zinawaka leo, ila wanaoziweka hivyo wanaichakaza chipu na mashine pia.

Kabla ya kuwasha, pima kati ya njia ya volti 5 na ya ardhi (GND). Multimita ikilia, usiingize katriji kwenye mashine. Tafuta kwanza tone la lehemu lililounganisha miguu miwili.