Maswali ya Wasomaji: Bastola Imesafishwa, Sasa Haitaki Kuungana

Barua za safari hii zimetoka kwa wamiliki wenye leseni, Kenya na Tanzania, na karibu zote zina kilio kimoja: kuifungua bastola ilikuwa rahisi, kuirudisha imekuwa taabu. Majibu haya yanahusu ufunguaji wa kawaida wa kusafisha tu, yaani ule ulioelezwa kwenye kijitabu cha kiwandani: slaidi (sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele), mtutu, springi na fremu (sehemu ya chini yenye mpini). Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi wa silaha mwenye leseni.

Kabla ya yote, utaratibu haubadiliki hata kama uliifungua bastola hiyo dakika tano zilizopita. Toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi. Ukianza na slaidi huku magazini ikiwa ndani, utatoa risasi moja kwenye chemba, yaani nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na kuingiza nyingine bila kujua. Tazama chemba kwa macho, kisha iguse kwa ncha ya kidole kidogo. Risasi zote, na magazini yenye risasi, zikae chumba kingine hadi kazi iishe.

SWALI: Nina Ceska, CZ 75 Compact. Nimerudisha slaidi kwenye fremu vizuri, lakini ile pini ya pembeni haiingii. Nimejaribu kuigonga kidogo kwa nyundo ya mpira nikaogopa. Tatizo ni nini? – Msomaji, Nakuru

Umefanya vyema kuogopa. Usiigonge tena. Pini hiyo, ambayo hapa tutaiita komeo la slaidi, hupita kwa kusukumwa na kidole gumba. Ikikataa, kuna kitu kimekaa mbele yake, na kila pigo linakwaruza fremu au kuharibu tundu.

Komeo lazima lipite sehemu tatu kwa mpigo mmoja: tundu la fremu upande wa kushoto, uwazi ulio kwenye nundu ya chini ya mtutu, na tundu la fremu upande wa kulia. Wakati huohuo kata iliyo kwenye slaidi lazima iwe mkabala na komeo, la sivyo mkono wa komeo utagonga chuma cha slaidi. Ndiyo maana kiwanda kimechora alama mbili ndogo upande wa nyuma kushoto, moja kwenye slaidi na moja kwenye fremu. Zikikutana, kata iko mahali pake. Ukiipitisha slaidi au ukiipunguza milimita mbili tu, komeo litagoma.

Anza upya hivi. Ondoa slaidi kwenye fremu uigeuze chini juu. Tazama fimbo ya springi: kichwa chake lazima kilale sawasawa kwenye mkato wa nundu ya mtutu, kisiegemee kushoto wala kulia. Springi ya Ceska haikufungwa pamoja na fimbo yake kama zilivyo za bastola nyingi za siku hizi, kwa hiyo kichwa huteleza kirahisi mkono unapotikisika. Kwenye barua nyingi za aina yako, kosa huwa hapa. Kichwa kikiinama, huziba sehemu ya njia ya pini, na kwa nje huoni kitu.

Vuta nyundo ya bastola nyuma ibaki imesimama, ili slaidi isilazimike kuisukuma njiani. Ingiza slaidi kwenye fremu ukiwa umeishika fimbo isihame. Kumbuka kwamba slaidi ya Ceska hupita ndani ya reli za fremu, si juu yake, hivyo sehemu ya kushika ni nyembamba. Kausha mikono, mafuta kwenye vidole ndiyo yanayofanya watu wapoteze alama kila zinapokaribia kukutana. Weka vidole vinne juu ya slaidi na dole gumba nyuma ya fremu, chini ya mkia wake, kisha kaza kiganja taratibu mpaka alama mbili zilingane.

Sasa usiingize pini bado. Chungulia kwenye tundu ukielekeza upande wa pili kwenye mwanga. Ukiona mwanga wazi kutoka upande mmoja hadi mwingine, njia ipo. Ukiona chuma kimeziba nusu, nundu ya mtutu haijashuka: tikisa mdomo wa mtutu kidogo kwa kidole hadi tundu lifunguke. Hapo ingiza komeo kutoka kushoto. Litapita hadi karibu na mwisho kisha litakutana na upinzani mdogo. Hiyo ni springi ndogo ya komeo ndani ya fremu. Lisukume kwa dole gumba, litaingia kwa mlio mdogo.

Kabla ya kulirudisha, futa komeo ulitazame chini ya taa, hasa pale pini inapoungana na mkono wake. Komeo la CZ 75 hubeba kipigo cha mtutu kila risasi inapotoka, na kwa bastola iliyotumika sana linaweza kupasuka. Ukiona ufa mwembamba kama unywele, usilirudishe. Nunua jipya kwa muuzaji mwenye leseni.

SWALI: Glock 19 yangu inaingia nusu halafu slaidi inakaa upande. Niivute ile latchi ya chini wakati wa kurudisha? – Msomaji, Arusha

Hapana, wakati wa kurudisha huigusi. Latchi, yaani kile kibati cha fremu kinachoizuia slaidi isichomoke mbele, huvutwa chini kwa pande zote mbili wakati wa kufungua tu. Wakati wa kurudisha hushuka na kupanda yenyewe.

Slaidi kukaa upande kuna sababu mbili. Ya kwanza ni reli. Fremu ya Glock ni ya plastiki, lakini ina vipande vinne vifupi vya chuma, viwili mbele na viwili nyuma. Slaidi inapoingia kutoka mbele, hukutana na viwili vya mbele kwanza, kisha vya nyuma. Upande mmoja ukishika na mwingine ukapita juu, slaidi itakaa kombo na itakwama kabla ya kufika nyuma. Irudishe mbele, iondoe kabisa, anza tena ukiwa umeishika bastola usawa wa macho ili uone pande zote mbili zikishika pamoja.

Ya pili ni fimbo ya springi. Mtutu una nundu chini yake, na mbele ya nundu kuna mkato wa nusu mwezi. Mwisho wa fimbo ukae katikati ya mkato huo. Ukikaa chini zaidi au pembeni, slaidi itasugua na itakuwa nzito kupita kawaida. Na usisahau kwamba kwenye bastola fupi springi hukazwa zaidi, kwa sababu slaidi ni nyepesi na safari yake ni fupi. Ugumu kiasi ni wa kawaida. Mkwaruzo na ukombo si wa kawaida.

Slaidi ikishalingana na fremu, ivute hadi mwisho wa nyuma uiachie. Mpaka ufanye hivyo haijashikwa na latchi, na inaweza kuchomoka mbele. Kama uliitoa latchi yenyewe kwa bisibisi, usijaribu kuirudisha kwa kubahatisha. Ikigeuzwa vibaya, slaidi inaweza kuachia fremu. Peleka kwa fundi.

SWALI: Makarov, baada ya kusafisha slaidi inarudi nyuma kidogo tu halafu inagoma. – Msomaji, Mwanza

Angalia vitu vitatu kwa mfuatano huu. Kifunga usalama: kwenye Makarov kikiwa kimefungwa hushika slaidi, kwa hiyo kiwe wazi. Kinga ya triga: lazima iwe imeteremshwa na kusukumwa pembeni kidogo ili iegemee fremu, kwani ikirudi juu mapema huzuia safari ya slaidi. Mwisho ni springi. Makarov haina fimbo. Springi huvikwa kwenye mtutu wenyewe, nao umefungwa kwenye fremu, hautoki. Tazama ncha zake mbili: moja ina duara la mwisho dogo kuliko mengine. Ncha hiyo ndiyo hutangulia kuvikwa mtutuni. Ukiigeuza, springi hukaa ovyo.

Zikiwa sawa zote tatu, ingiza ncha ya mbele ya springi kwenye mdomo wa slaidi, vuta slaidi nyuma kabisa, shusha mkia wake kwenye fremu, iachie iende mbele, kisha rudisha kinga ya triga. Walther PP na PPK nazo hufunguliwa kwa kuteremsha kinga hiyohiyo.

SWALI: Nimeunganisha sawasawa, ila slaidi haifungi hadi mwisho. Inabaki kama milimita mbili. Nikiisukuma kwa kiganja inafunga. Niache hivyo? – Msomaji, Mombasa

Usiache. Slaidi isiyofunga hadi mwisho maana yake mtutu haujakaza, na bastola nzuri itakataa kufyatua au itakusumbua wakati usiotaka. Kuisukuma kwa kiganja ni kuficha ugonjwa.

Kwa bastola iliyofunga vizuri kabla ya kusafishwa, chanzo cha kwanza ni kitambaa. Nyuzi za pamba hubaki chini ya kucha ya kuchomolea ganda, kwenye mifereji ya slaidi, au ndani ya chemba. Tumia kitambaa kisichoacha manyoya, na kwenye kucha tumia mswaki mkavu wa nailoni. Chanzo cha pili ni fimbo ya springi iliyoinama, kama tulivyoeleza juu. Cha tatu, na huku pwani ndicho kinachotawala, ni mafuta mengi.

Tunaelewa kwa nini. Hewa ya chumvi Mombasa, Tanga na Unguja hula chuma haraka, na mwenye silaha huona bora aizamishe. Lakini mafuta mengi hunasa vumbi na masizi ya baruti, yakawa kama tope. Kwa Glock tone moja kwenye kila mfereji wa slaidi linatosha, likisambazwa kwa kidole. Tone moja pale mkono wa triga unapokutana na kibati cha nyuma kulia. Na utando mwembamba nje ya mtutu. Bastola za chuma kitupu, kama Ceska na Makarov, huongezewa utando mwembamba sehemu zote za nje, kisha unafutwa hadi usione unyevu.

Kuna mahali mafuta hayatakiwi kabisa. Chemba iwe kavu. Uso wa slaidi unaogusa kitako cha risasi uwe mkavu, maana mafuta yakipenya kwenye kiwashio yanaweza kuiua risasi. Mfereji wa pini ya kufyatulia nao uwe mkavu. Mafuta humo hunasa uchafu, pini ikapoteza kasi na kugonga kwa udhaifu. Kwa hiyo unapopiga mswaki kwenye uso huo, elekeza mdomo wa slaidi chini ili uso huo nao utazame chini, dawa ya kusafishia isitiririke kuingia kwenye tundu la pini. Kwa ajili ya kutu, ifute silaha kila wiki, na usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hushika unyevu na kuulaza juu ya chuma.

SWALI: Nitajuaje kwamba imeungana vizuri bila kufyatua risasi? – Msomaji, Dodoma

Kwa bastola tupu, mdomo ukielekezwa mahali ambapo risasi haiwezi kudhuru, fanya hivi. Vuta slaidi mara kadhaa: iende na kurudi bila mkwaruzo. Ingiza magazini tupu, vuta slaidi: ibaki nyuma. Toa magazini, iachie.

Bonyeza triga, nyundo ianguke; kwa Glock utasikia mlio wa pini. Sasa endelea kuikandamiza triga, usiiachie, uvute slaidi nyuma na kuiachia. Nyundo ibaki imesimama. Achia triga polepole: utasikia na kuhisi mlio mdogo inaporudi mahali pake. Bonyeza tena, ianguke. Kipimo hiki ndicho kikubwa kuliko vyote. Kama nyundo inaifuata slaidi na kuanguka huku bado umeshika triga, bastola hiyo inaweza kufyatua bila kuamriwa. Isipakiwe tena hata risasi moja.

Kisha vuta slaidi tena uiachie, funga kifunga usalama, kama inacho, ubonyeze triga: nyundo isianguke. Kwa Glock, jaribu kusukuma triga kwa ubavu bila kugusa kile kilimi kilicho katikati ya triga: isisogee. Zile zenye kishusha nyundo, kama CZ P-01, kibonyeze na utazame nyundo ikishuka na kusimama kabla ya kugusa mwisho.

Risasi halisi zingoje uwanja wa shabaha. Usizungushe risasi hai kwenye bastola sebuleni ili kuona kama zinapita. Kwa kazi hiyo zipo risasi bandia za plastiki.

SWALI: Nimemaliza kuunganisha, na mezani kimebaki kipini kidogo na springi nyembamba. Bastola inafanya kazi. – Msomaji, Kisumu

Ufunguaji wa kawaida hauachi vipini. Kipini hicho kimetoka mahali ambapo hukupaswa kufika, au kimechomoka kwa sababu kimelika, na huenda ndicho kinachoshikilia kimoja kati ya vizuizi vya usalama. Bastola inaweza kuonekana nzima siku nyingi bila kizuizi hicho. Usiipakie. Weka kipini na springi ndani ya bahasha, silaha ndani ya kasha lake lililofungwa, chukua leseni yako, na upeleke vyote pamoja kwa fundi mwenye leseni. Mwambie kila ulichofungua, hata kile unachodhani hakihusiki.